Je, Programu Zetu Zikaguliwe na Mashine?

Tangu muhula huu uanze, Chama chetu cha Kompyuta kimegawanyika pande mbili, na mabishano yenyewe yamefika hata bwalo la chakula. Kisa ni amri mpya: programu yoyote haipokelewi chamani mpaka iwe imekwisha kukaguliwa na programu nyingine. Wako wasemao kuwa amri hii ni mateso ya bure, na wako waionao kuwa dawa ya kila ugonjwa. Mimi naona wote wamepita kiasi.

Kwa ajili ya wazazi wetu wasiofanya kazi hii, yafaa nieleze kidogo. Programu ni maagizo yaliyoandikwa mstari kwa mstari ili kompyuta iyafuate. Mkaguzi huyasoma maagizo hayo bila kuyatenda, akitafuta kasoro: jina lililotajwa lisitumike, mstari usioweza kufikiwa kamwe, nafasi zisizolingana. Jambo hili si geni. Mwaka 1978 Stephen Johnson wa Bell Labs, huko Marekani, alitoa programu ya namna hiyo kwa ajili ya lugha ya C, akaiita Lint, yaani vile vinyuzinyuzi vinavyoganda nguoni. Lugha ya Python tunayojifunza nayo ina kanuni zake, PEP 8, za tangu mwaka 2001, nazo zataka hata mstari usizidi herufi 79.

“Herufi 79 za nini?” huuliza wenzangu, wala swali lao si la kipumbavu. Lakini si kila kanuni ni urembo. Pytest, programu tunayoitumia kufanya majaribio, hutafuta faili ambazo majina yake yaanza au yaishia na neno test kwa namna maalumu. Ukiiita faili yako “jaribio” na kuichanganya na nyingine, itarukwa kimya kimya, nawe utalala ukidhani kazi yako imejaribiwa. Hata wakubwa hupatikana. Mwezi Februari 2014 kampuni ya Apple ilibidi itengeneze upesi programu za simu zake, kwa kuwa mstari mmoja mfupi uliandikwa mara mbili, na ule wa pili ukaruka ukaguzi wa usalama. Maagizo yaliyofuata hayakufikiwa kamwe. Mkaguzi aliyewekwa kutazama jambo hilo angalipiga kelele mara moja.

Sasa tutazame upande wa pili. Programu yetu ya maktaba, ambayo muhula ujao itaanza kuandika vitabu viazimwavyo na faini za wachelewao, ilipita ukaguzi bila neno hata moja. Majina safi, folda safi. Kisha binti mmoja wa Kidato cha Pili akaisoma kwa macho yake, akaona kuwa yahesabu na siku za likizo! Mwanafunzi aliyekwenda nyumbani na kitabu sandukuni angalirudi na deni la likizo nzima, na mlipaji ni mzazi. Kiranja wa bweni aona kitanda hakikutandikwa. Kama mwenye kitanda ana homa, hilo halimo daftarini mwake.

Liniudhilo zaidi ni habari ya wadogo zetu. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alileta programu yake ya kwanza, ya kujumlisha alama za mtihani, nayo yajumlisha sawasawa. Mkaguzi akamtolea malalamiko 43. Akazima kompyuta, akaenda kucheza mpira, na hajarudi. Mengi ya malalamiko yale yalikuwa nafasi tupu mwishoni mwa mistari, jambo ambalo programu iitwayo Black hulirekebisha yenyewe kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo amri ibaki, ila ibadilishwe. Wageni wakaguliwe kwa kanuni chache tu zihusuzo makosa ya kweli. Kanuni za kupanga folda tuziandike wenyewe kwa Kiswahili, kila moja na sababu yake, na isiyo na sababu ifutwe. Wala kazi isipokelewe kwa kuwa mashine imenyamaza tu. Mwanachama mwingine aisome kwanza. Najua nitaambiwa kompyuta ni 12 nasi tu zaidi ya 60. Lakini kusoma hakuhitaji kompyuta. Maandishi yaweza kuchapwa karatasini na kusomwa wakati wa prepo. Hoja hii nitaileta katika mkutano wa chama, Ijumaa ya mwisho kabla ya kufunga shule.