Mke wa pili wa Rumonge na mtaji usioandikwa

Soko la pamoja la Afrika Mashariki likizungumzwa, hutajwa ushuru, sarafu na hati za kusafiria. Ndoa haitajwi. Lakini kando ya Ziwa Tanganyika biashara nyingi ni za familia, na familia nyingine zina mke zaidi ya mmoja.

Sheria hazifanani. Tanzania inatambua ndoa ya mitala katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kenya nayo katika sheria yake ya 2014. Burundi inaikataza katika Sheria ya Watu na Familia ya 1993, na Kongo katika sheria yake ya 1987. Basi anayeolewa mke wa pili Kigoma anapata cheti. Mwenzake wa Rumonge, aliyeolewa kwa nikaha ileile, mbele ya komune si mke wa mtu.

Katazo hilo halijamaliza mitala Rumonge, mji wenye Waislamu wengi. Limeificha tu. Nikaha husomwa, pilau huliwa, majirani hushuhudia, karatasi haipo. Mume akiwa hai na mwema, pengo halionekani. Akifariki, fedha ambazo mama huyo aliziweka kwenye ndagala na mawese huhesabiwa mali ya marehemu, na marehemu kisheria alikuwa na mke mmoja. Dini ingempa sehemu katika thumni ya wake. Komune haina thumni hiyo.

Wanaotetea katazo husema linamlinda mwanamke. Linamlinda wa kwanza, na hilo si dogo. Ila kosa ni la mume, na anayelilipia ni wa pili.

Kubadili sheria ni kazi ya Bunge, tena ya miaka. La kufanyika leo ni kuandika. Uislamu wenyewe unasema mali ya mke ni yake. Mtumbwi alioununua uwe na jina lake, akiba yake iwe na akaunti yake, alichomkopesha mume kiwe na mashahidi, na watoto watambuliwe na baba kwenye komune angali hai. Imamu ayaulize hayo kabla ya kutaja mahari. Mwanamume anayesita kuandika mtumbwi kwa jina la aliyeununua, ule uadilifu ulioshurutishwa kwa mwenye wake wawili bado hajaufikia.