Hakatai chakula kwa kiburi

Mgonjwa wa saratani akirejea Mugutha, Kiambu, kutoka Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huwekewa mlima wa ugali. Akisukuma sahani, analaumiwa. Si haki: ugonjwa wenyewe huzima njaa na kumaliza misuli, hata akijilazimisha kula. Wataalamu wa lishe Ulaya hupendekeza protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzani kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6. Basi apewe kidogo, mara nyingi: uji wa maziwa, ndengu, omena (kama harufu haimkeri). Akiweza, atembee hadi langoni ili kulinda misuli. Kaunti ya Kiambu nayo iwaagize wahudumu wa afya ya jamii wawapime uzani wagonjwa hawa nyumbani, na anayezidi kukonda aonwe na mtaalamu wa lishe Ruiru bila kungoja kliniki ijayo.