Manusura wa Manzese wasisubirishwe

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka 5, wawili kwa kila mtaa na kila kitongoji. Ni uamuzi mzuri. Kinachoudhi ni kwamba lishe, uzazi salama, malaria na kifua kikuu ndivyo vilivyopigiwa debe, huku kiwewe cha aliyebakwa au kupigwa kikiendelea kuachiwa wataalamu ambao mkazi wa Manzese, Dar es Salaam, hawaoni. Mhudumu atakayepita kwenye vichochoro vya Tip Top na Darajani afundishwe pia kumsaidia manusura kutuliza hisia zake.

Wahitaji si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Leo manusura huelekezwa dawati la jinsia la polisi, akapewa fomu ya PF3, akaenda hospitali na pengine ustawi wa jamii. Kila meza humtaka asimulie upya. Usiku, moyo unapomwenda mbio na usingizi kumpaa, anaambiwa ajikaze.

Wapo wanaosema kiwewe si kazi ya mhudumu huyo wa mafunzo ya miezi 6, kwamba atatonesha kidonda. Tahadhari hiyo ina haki yake: mwenye mawazo ya kujiua apelekwe hospitali bila ubishi.

Lakini hoja hiyo haisimami mbele ya kilichofanyika Nairobi. Katika makazi ya watu wa kipato cha chini, wahudumu wa jamii wasio na taaluma ya saikolojia walifundishwa njia ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+. Jaribio lilihusisha wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Vikao vilikuwa 5 tu. Cha kwanza kinafundisha kupumua polepole kwa tumbo, kwa sababu mwili uliobaki katika hali ya hatari hauiachii akili nafasi ya kupanga lolote. Kisha mwanamke anachagua tatizo moja linalotatulika, anarudia shughuli alizoziacha, anatafuta wa kumshika mkono. Miezi 3 baadaye, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Jambo la kuzingatia ni hili: njia hiyo haimlazimishi mtu kulisimulia tukio. Hatari wanayoihofia wapinzani iko katika kufukua, na hapa hakuna anayefukua. Anayefukua ni mfumo wetu wa sasa, meza baada ya meza, bila kumfundisha manusura hata namna ya kuvuta pumzi baada ya kutoka pale. Halafu mfumo huohuo unaambiwa usimwamini mhudumu wa mtaa, eti ataumiza watu!

Visingizio vimetosha. Siku chache za mafunzo haya ziingizwe katika ile miezi 6, na Manispaa ya Ubungo imteue muuguzi wa afya ya akili wa kuwasimamia wahudumu wa Manzese kila wiki, awapokee wagonjwa wanaowazidi uwezo, na alipwe kwa kazi hiyo.