Hesabu ya makala ianzie kwenye kisiki

Ukimwambia Mtanzania kwamba umenunua makala, atadhani una gazeti mkononi. Huku kwetu Musonoi, na Kolwezi yote hadi Lubumbashi, makala ni kile kinachoingia kwenye mbabula: mkaa wa miti. Darasani huwa tunaichekea tofauti hiyo, kisha tunapita. Naona tunapita haraka mno, maana kitu hicho hicho kina jina la tatu lisilochekesha. Katika ripoti za tabianchi makala yetu ni nishati jadidifu, na hewa ukaa inayotoka kwenye mbabula huandikwa sifuri.

Sifuri hiyo si uongo wa makusudi. Miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, inataka hewa ukaa ya kuni isijumlishwe upande wa nishati kwa kuwa huhesabiwa upande wa ardhi, pale mti unapopotea. Ni busara ya mhasibu asiyetaka kuandika deni moja mara mbili. Lakini mtu akinyofoa ukurasa wa nishati na kuuacha ule wa ardhi, deni halionekani popote.

Nani basi aulizwe kama mti umerudi? Miombo ina tabia njema: ukiikata, visiki huchipua, na ukiviacha kwa miongo miwili mitatu msitu husimama tena. Pale panapolimwa mahindi, panapochomwa moto kila mwaka, au panapochimbwa kobalti, msitu haurudi. Gunia ni lile lile, bei ni ile ile. Athari kwa tabianchi ni mbili tofauti kabisa. Na bado hatujalifikia tanuri la udongo, ambako kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala, na moshi wake una methani, ambayo katika miaka 100 hupasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Hata msitu ukirudi wote, joto hilo haulirudishi.

Kutia chumvi kupo upande wa pili pia. Mwaka 2015 Robert Bailis na wenzake walikadiria kuwa asilimia 27 hadi 34 ya kuni zilizovunwa katika nchi za tropiki mwaka 2009 ndizo zilizozidi uwezo wa misitu kujirudisha. Si kila gunia ni msitu ulioangamia, basi. Ila kusema hivyo kunalipa: miradi ya majiko sanifu huuza vyeti vya kaboni, na kadiri kuni zinavyodaiwa kuharibu, ndivyo kila jiko linavyozaa vyeti. Mwaka 2024 Annelise Gill-Wiehl na wenzake walipima sampuli ya miradi hiyo, wakakuta vyeti vimezidi kwa takriban mara 9.

Kitivo chetu kinahusika hapa. Madodoso hutungwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha tunaitwa tutafsiri. Jadidifu ni Kiswahili sanifu, tena kizuri, lakini mchoma makala ukimuuliza kama nishati yake ni jadidifu atakubali kwa adabu tu. Muulize: "Baba, pale ulipokata mwaka juzi, leo kuna nini?" Atakueleza hadi upande ambao moto ulipita. Jibu hilo ndilo linaloingia kwenye hesabu.

Wapo wanaosema tupikie umeme, yaishe. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa hapa mtoni Lualaba, tangu miaka ya 1950; yalijengwa kwa ajili ya migodi, na kobalti ya migodi hiyo ndiyo inayofanya gari la Ulaya liitwe safi. Umeme uje, nami nitaushangilia. Wakati tunausubiri, ningependa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho akusanye msamiati wa wachoma makala: majina ya miti, ya hatua za tanuri, ya pori lililopumzika na pori lililokufa. Wapimaji wa kaboni wangeiomba nakala kabla haijajaladiwa.