Motokaa za Kifaransa Zimekwenda Wapi?

Mtu yeyote wa Kamina aliyepita umri wa miaka sitini azijua motokaa tutakazozitaja leo. Aijua Peugeot 404, yenye pembe mbili ndogo zilizochongoka kwa nyuma. Aijua Peugeot 504, ambayo taa zake za mbele zilikaa kama macho ya mtu aliyekunja uso. Aijua Renault 4, ambayo mkono wa gia haukutoka sakafuni, ila ulichomoza mbele ya dereva mithili ya mpini wa mwavuli. Tena aijua Citroën 2CV yenye paa la turubai, iliyoyumba kwenye kona kama mtumbwi. Hizo zilikuwa motokaa za waalimu, za waganga, za wafanya biashara na za misioni. Leo mwanafunzi aweza kumaliza darasa zake zote asione hata moja ikienda barabarani.

Vijana wakiuliza sababu, mara nyingi hujibiwa upesi: motokaa hizo zilikuwa dhaifu, nazo za Kijapani zikazishinda kwa nguvu. Jibu hilo si sahihi, na lina hatari ndani yake. Kwa maana jamaa wanaokusanya franka kwa miaka mitatu au minne ili wanunue motokaa ya kazi, wakiamini kwamba chuma hufa kwa udhaifu wake tu, watachagua vibaya. Basi yafaa tutazame jambo hili kwa utaratibu.

Kwanza, tuone nguvu zake. Citroën 2CV ilionyeshwa Paris mwaka 1948. Ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Ufaransa, wapate kusafiri wawili pamoja na kilo 50 za viazi, tena iweze kupita shambani na kapu la mayai bila mayai kuvunjika. Mtambo wake ulipozwa kwa upepo, hata dereva hakuwa na haja ya kuhangaikia maji. Renault 4 ilifuata mwaka 1961, na kabla ya kukoma zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 8. Peugeot 404 ilianza mwaka 1960. Betri yake ikiisha nguvu, dereva alitia mkono wa chuma mbele, akauzungusha kwa nguvu za mikono yake, na mtambo ukaamka. Peugeot 504 ilitokea mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa motokaa ya mwaka katika Ulaya. Ilikaa juu ya ardhi, nazo springi zake zilikuwa ndefu na laini, hata mashimo yaliyovunja motokaa nyingine hiyo iliyameza tu.

Majirani zetu wa mashariki walizipima motokaa hizi kwa mtihani mkali. Tangu mwaka 1953 walikuwa na mashindano ya Safari, ambayo kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katika mvua na tope, kwa maelfu ya kilomita. Mwaka 1963 ni motokaa 7 tu zilizofika mwisho, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na mwaka 1967 ilishinda tena. Mwaka 1968 zikafika 7 tu mara ya pili, na ya kwanza ilikuwa 404 ile ile. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Huko Kenya, 504 ndefu yenye safu tatu za viti ilibeba abiria kutoka mji hata mji, na watu walizoea kuita taksi yo yote ya safari ndefu kwa jina la Peugeot. Je, kitu dhaifu hupewa heshima ya namna hiyo?

Basi, kama hazikuwa dhaifu, zilikufa kwa nini? Twaweza kusema kwamba motokaa ni kama mti. Watu huona matawi yake, lakini hawaoni mizizi. Mizizi ya motokaa ni minne: kiwanda kinachoitengeneza, duka linaloleta vipuri, fundi anayeijua, na barabara inayoibeba. Mizizi hiyo ikikatwa mmoja mmoja, mti utakauka hata ukiwa mgumu kama mninga.

Mzizi wa kwanza ulikatwa Ulaya. Wafaransa waliacha kutengeneza 404 ya abiria mwaka 1975, na 504 ya abiria mwaka 1983. Citroën 2CV ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1990, na Renault 4 ikaachwa mwaka 1992. Katika Afrika 504 iliendelea kuishi baada ya kufa kwao. Nchini Kenya ziliunganishwa kama 27,000, na kazi hiyo ikadumu hata mwaka 2004. Nchini Nigeria, ambako kiwanda cha Kaduna kilifunguliwa mwaka 1975, ziliunganishwa kama 425,000, za mwisho zikitoka mwaka 2006. Lakini motokaa zilizorithi nafasi yake huko Ulaya zilikuwa za namna nyingine. Peugeot 505 ya mwaka 1979 ilikuwa ya mwisho katika ukoo wa zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Zilizofuata zilikaa chini zaidi, mitambo yake ilibanwa katika nafasi ndogo, na baadaye ikaongozwa na kompyuta. Mwenye barabara ya lami kutoka nyumbani hata kazini hakuona taabu. Aliyekaa Kaniama au Bukama aliona mara moja kwamba motokaa hizo hazikufikiriwa kwa ajili yake.

Tena Serikali ya Ufaransa yenyewe ilisaidia kuzimaliza zile za zamani. Mwaka 1994 ilianza kumpa faranga 5,000 kila mtu aliyepeleka motokaa yenye umri wa miaka kumi au zaidi ikavunjwe, kisha akanunua mpya. Nyingi ambazo zingeweza kuvuka bahari na kutumika Afrika kwa miaka mingine kumi zilipondwa huko, zikawa chuma chakavu.

Mzizi wa pili na wa tatu ulikatwa kwetu wenyewe, na jambo hili yatupasa kulisema wazi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitatwaliwa na kukabidhiwa raia. Wengi waliopewa hawakuwa wameifanya kazi hiyo kabla. Waliuza mali iliyokuwamo, na rafu zilipokuwa tupu hawakujua pa kuagiza nyingine. Muda mfupi baadaye bei ya shaba ilianguka duniani, na mwezi wa Agosti 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Lobito, iliyokuwa mlango wa karibu wa Katanga kuelekea bahari. Shaba ndiyo iliyoleta fedha za kigeni, na fedha za kigeni ndizo zilizoleta vipuri. Mwaka 1977 na mwaka 1978 vita viliingia katika jimbo letu lenyewe. Kisha mwezi wa Septemba 1991, na tena Januari 1993, askari wasiolipwa mishahara walipora maduka, bohari na karakana katika miji mingi ya nchi. Kilichochukuliwa siku hizo hakikurudi.

Fikirini sasa shida ya fundi. Mtu amleta 404 iliyoharibika pampu ya maji. Pampu mpya hakuna Kamina, wala Likasi, wala Lubumbashi. Fundi afanya nini? Atafuta 404 nyingine iliyolala, aing'oa pampu, na ile ya kwanza yapona. Mwezi unaofuata yaja ya tatu yenye taabu ya gia, naye aikata tena ile iliyolala. Hivyo motokaa tano zawa tatu, tatu zawa moja, na hiyo moja yabaki bila ndugu wa kuiazima kiungo. Wala tusiwacheke mafundi hao. Walichonga vyuma kwa tupa, walikata mipira ya magurudumu wakatengeneza vifaa vya kuzuia mtikisiko, na kwa ustadi wao motokaa zilizostahili kufa mapema ziliishi miaka mingi zaidi. Lakini fundi mzee alipofariki, mara nyingi hakuwa na mwanafunzi, kwa sababu vijana hawakuona faida ya kujifunza motokaa isiyo na vipuri. Maarifa yakazikwa pamoja naye.

Habari ya mzizi wa nne, yaani barabara, haihitaji maneno mengi. Kila msomaji wetu aliyesafiri mwezi wa Februari anaijua.

Katika shamba hilo lililoachwa ndipo Wajapani walipopanda. Mwaka 1970 Datsun ilishinda mashindano ya Safari, na wenye macho waliona kwamba zamu inabadilika. Wajapani walitengeneza motokaa imara, na zaidi ya hayo walihakikisha kwamba vipuri vyapatikana hata katika mji mdogo. Tena kwao sheria ya ukaguzi ni kali: motokaa mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake ni kubwa. Kwa hiyo wenyeji wengi hupenda kuiuza ingali nzima. Zile zilizouzwa hupakiwa melini, hushuka Dar es Salaam, hupita Zambia, huvuka mpaka Kasumbalesa na kuingia Katanga. Hivyo bei ya Toyota iliyotumika ilishuka hata mtu wa kipato cha kawaida akaanza kuifikiria, na fundi wa kila mtaa akaijua.

Hata hivyo, wahenga walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama wanavyofanya Tanzania, Zambia na Kenya. Sisi Wakongo tunaendesha upande wa kulia. Kwa sababu hiyo, usukani wa nyingi ya motokaa hizo uko upande wa ukingo wa barabara. Dereva akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka ametoa karibu motokaa yote katikati ya njia. Na basi dogo la Kijapani lina mlango wake upande wa kushoto, ambao kwao ni upande wa njia ya miguu, lakini kwetu ni katikati ya barabara. Mtoto wa shule anayeshuka humo hukanyaga mahali motokaa nyingine zinapopita. Enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kusimama mlangoni, kutazama kushoto na kulia, na kutoruka chini kabla barabara haijawa tupu. Nanyi madereva, msimamishe mpaka watoto wamevuka. Dakika moja ya kungoja haimfanyi mtu maskini.

Sasa tuseme neno tulilokusudia. Motokaa za Kifaransa hazikuondoka kwa sababu moja, wala hazikushindwa katika tope. Ziliondoka kwa sababu mnyororo uliozishika ulikatwa: kiwanda kiliacha, duka likafungwa, fundi akafa bila mrithi, na barabara ikaliwa na mvua. Wala mtu asidhani kwamba Toyota imepewa ahadi ya kuishi milele. Zile za siku hizi zina kompyuta nyingi ndani, na fundi mwenye spana tu hawezi kuzisemesha. Hakuna refu lisilo na ncha.

Kwa hiyo, baba na mama wanaotaka kununua motokaa au pikipiki ya kazi wasiulize bei peke yake. Waulize kwanza: Vipuri vyake vyapatikana Kamina, au lazima viagizwe mbali? Fundi gani hapa mjini amekwisha kuifungua mtambo wake na kuufunga tena? Je, mimi mwenyewe nitaweza kuitunza, kubadili mafuta kwa wakati na kutoipakia kupita kiasi? Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu na asubiri, azidi kuweka akiba. Rahisi huvunja upishi, na motokaa ya bei ndogo isiyo na vipuri yaweza kuvunja nyumba. Tumewaona watu walionunua kwa furaha mwezi wa Mei, na kufikia Krismasi kuku walikuwa wakitagia mayai kwenye kiti cha nyuma.

Nanyi wanafunzi, sikieni hili. Wengi wenu mwatamani kuketi ofisini, na kalamu ni kazi njema. Lakini nchi ambayo watu wake wanajua kupanda motokaa tu, bila kujua kuifungua, itabaki kungoja meli ya mwenzake. Mahali penu mna wazee waliozitengeneza 404 na 504 kwa miaka mingi. Nendeni kwao wangali hai. Waulizeni jinsi walivyosikiliza mtambo kwa sikio wakajua ulipo ugonjwa, jinsi walivyochonga kipande kilichokosekana, jinsi walivyoandika hesabu za garaji. Motokaa walizozijua zimekwenda, lakini sikio lile na mkono ule vingali na kazi katika mtambo wo wote, uwe wa Ufaransa, wa Japani, au ule ambao siku moja utatengenezwa na ninyi wenyewe.