NYUMBA YA MKRISTO: Kabati ya Marehemu Baba



Mwezi huu nataka tuongee juu ya vyombo vya mbao vya zamani. Mtasema: Pastere ameacha Neno, amekuwa seremala? Ngojeni kidogo.

Hapa kwetu Yanonge, upande wa kushoto wa mto Kongo, chini ya Kisangani, kijana mmoja alirudi toka machimbo ya dhahabu. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa meza ya Ulaya, imepakwa rangi nyeupe, halafu pembe zake zimekwanguliwa mpaka mbao inaonekana, sawa vile imekaa miaka 100.

"Papa Pastere, wazungu wanalipa makuta mingi juu ya hii. Nitafanya vile na kabati ya marehemu baba. Ikikosa kuwa nzuri, nitaitupa, nitanunua ya kisasa."

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni. Hakusema neno, lakini mimi niliona uso wake.

Ndugu vijana, sikilizeni. Kabati ile ni ya kambala, ule mti ambao Waswahili wa mashariki wanauita mvule. Kila juma tunaona mbao za kambala na za lifaki zikishuka bandarini, zinapelekwa Kisangani kuuzwa. Wengine wanalipa sana kupata mbao ya namna hiyo, na wewe unataka kuitupa juu ya rangi yake imechakaa? Kitu cha kisasa cha mbao ya kubandika na gundi, maji ya mvua yakikipata kinavimba na kuachana. Kambala inabaki.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililonitia woga. Kijana alikuwa amekwisha kuanza kazi. Alikuwa anakwangua rangi ya zamani pale barazani, vumbi la kijani linaruka, na mtoto wake mdogo amekaa chini anakula mkate. Nikamwambia: "Acha kwanza! Ondoa mtoto!"

Juu ya nini? Rangi nyingi za mafuta za zamani, na hata nyingine za leo, zina madini ya risasi ndani, yale Wafaransa wanayaita plomb. Vumbi lake likiingia kinywani mwa mtoto, linaharibu akili yake, na akili hiyo hairudi. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ninyi wa migodini mfahamu zaidi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nijeria, watu walisaga mawe ya dhahabu kwenye makao yao, na mawe yale yalikuwa na risasi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walitafuta chakula cha watoto wao tu, hawakujua.

Basi, mtu akitaka kutengeneza chombo cha zamani nyumbani, afanye hivi:

1. Atazame kwanza ndani. Akiona matundu madogo na unga mwepesi chini, vidudu vinakula mbao. Atie petroli ya taa ndani ya matundu, afanye kazi hiyo nje, mbali na moto. Kipande kilichooza akitoe, aweke kingine. Kupaka rangi juu ya mbao iliyooza si kutengeneza, ni kuficha.

2. Aoshe, halafu aache ikauke kabisa. Kwetu mvua ni nyingi. Mbao yenye maji ikipakwa, rangi itavimba na kubambuka.

3. Rangi ya zamani asiikwangue kavu, wala asiichome kwa moto. Kama imeshika vizuri, aioshe, alowanishe kwa maji, asugue kidogo tu ili rangi mpya ishike, halafu apake juu. Watoto na mama mwenye mimba wakae mbali. Takataka azikusanye ndani ya mfuko, asizifagie uwanjani. Akimaliza, anawe, abadilishe nguo.

4. Mbao ambayo haijapakwa kamwe, aisugue kwa msasa. Asiye na makuta ya kununua karatasi ya msasa akumbuke kwamba jina hilo ni la mti. Majani yake yanakwaruza, na wazee walilainisha mbao kwayo.

5. Asipake mafuta ya mawese kama verni. Hayakauki, yanaoza na kuita sisimizi. Wala mafuta machafu ya motere yasiguse mahali pa chakula.

Na ile namna ya Ulaya? Si dhambi, ni pambo tu. Unachukua mbao safi isiyo na rangi ya zamani, unapaka rangi ya kwanza, inakauka. Unasugua mshumaa kwenye pembe, unapaka rangi ya pili. Ikikauka, unasugua pole pole pale mikono inapogusa, na rangi ya juu inatoka, juu ya mshumaa umeizuia kushika. Lakini usifanye hivyo juu ya rangi ya zamani, maana utaamsha lile vumbi.

Sasa dhambi iko wapi? Rafiki wa kijana yule akasema: "Tuchonge viti vipya, tuvizeeshe kwa moshi na matope, tuuzie wageni kama vya mababu." Wako watu wanaofanya hivyo na masanamu, na wanapata makuta.

Someni Yoshua sura ya 9. Watu wa Gibeoni waliogopa kufa, wakachukua magunia yaliyochakaa, viatu vyenye viraka na mkate wenye ukungu, wakasema wametoka nchi ya mbali. Siku 3 zikapita, uongo ukajulikana. Waliokoa maisha yao, ndiyo, lakini wakawa wakata kuni na wachota maji, wao na watoto wao. Na Israeli nao walikosa, kwa sababu walitazama mkate wenye ukungu bila kumwuliza Bwana. Ukiuza kiti kipya, sema ni kipya. Kikiwa kizuri, kitapata mnunuzi.

Kijana alisikia. Kabati tuliiosha pamoja, tukatengeneza mguu mmoja, tukapaka rangi. Kufika kwenye mlango wake, mama akasimama: "Hapa msipake." Ni mahali ambapo mkono wa marehemu uliushika kila asubuhi, miaka mingi, mpaka rangi ikaisha yenyewe na mbao ikang'aa. Tukapaacha. Chakavu ile haikutengenezwa na msasa wala mshumaa.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
– Ni kitu gani cha wazazi tunataka kukitupa, na kwa nini?
– Watoto wetu wanachezea wapi tunapofanya kazi yenye vumbi?
– Katika maisha yetu, wapi tunapaka rangi juu ya mbao iliyooza?

Bwana awabariki. Tuonane mwezi ujao.