Kisima chako kina maji? Niambie ni mwezi gani

Leo tuweke mbolea na dawa pembeni, tuzungumzie daftari.

Mwaka juzi, mwezi wa tano, kikundi kimoja cha bustani hapa Kanyenye kiliniita nikishauri. Kisima chao kilikuwa kimejaa. Nikachungulia, nikaridhika, nikawaambia wapande matuta 20 ya kabichi. Kufika mwezi wa tisa kisima kilikuwa tope, na kabichi zilikuwa bado hazijafunga. Walinunua maji ya mkokoteni wiki mbili, fedha ikaisha, wakaacha. Mbegu, mbolea na nguvu zao vikapotea.

Kosa lilikuwa langu. Niliuliza kama kisima kina maji, sikuuliza kilikuwaje mwezi wa kumi mwaka uliotangulia. Na hata kama ningeuliza, hakuna aliyekuwa ameandika.

Fomu nyingi za maji nazo zina swali la namna hiyo: kituo kinafanya kazi, ndiyo au hapana? Anayepita mwezi wa tatu ataandika ndiyo. Anayepita mwezi wa kumi anaweza kuandika hapana kwa kisima kilekile. Wizara ya Maji ilipohesabu vituo vya maji vijijini nchi nzima, mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya theluthi moja vilikutwa havifanyi kazi. Hesabu ile ilikuwa na faida kubwa. Lakini mtoto hapimwi uzito mara moja tukaridhika. Kadi ya kliniki ina maana kwa sababu hujazwa kila mwezi. Visima vyetu havina kadi.

Kwetu Tabora mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa wastani karibu milimita 900 kwa mwaka. Miezi inayobaki, kisima cha kuchimba kwa mkono kinaishi kwa maji yaliyozama ardhini. Ni kama ghala: usipojua kilichomo na unachotoa kila siku, utashtukia sakafu.

Maoni yangu ni haya: tusisubiri gari la wataalamu. Anayechota kila siku ndiye apime kwanza. Vifaa unavyo tayari.

1. Kina cha maji. Chukua kamba safi, funga fundo kila nusu mita, ning'iniza kitu kizito kilichooshwa. Pima alfajiri kabla watu hawajachota, kuanzia mdomo wa kisima hadi maji yalipo. Fanya hivyo kila Jumapili. Usiingie kisimani.

2. Kiasi kinachotoka. Mara moja kwa mwezi hesabu madumu ya lita 20 unayochota kwa siku hadi maji yaanze kuja na tope. Kwa pampu ya mkono, andika dakika za kujaza dumu moja.

3. Mvua. Weka kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi pima kwa rula, andika, mwaga.

Andika tarehe kila mara. Namba isiyo na tarehe haina kazi.

Sasa faida yake. Tuta la mita 1 kwa mita 10 linaweza kuhitaji lita 50 kwa siku wakati wa jua kali. Kama daftari linasema mwezi wa kumi kisima hutoa madumu 20, hizo ni lita 400, yaani matuta 8. Kile kikundi kingelijua hilo, kingepanda 8 na kuvuna 8. Nawe mama lishe, au muuza maji wa mkokoteni, utajua mapema mwezi gani uweke akiba. Anayetaka kuchimba naye achimbe mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, asije akadanganywa na maji ya masika.

Wapo wanaosema maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora, visima vya nini tena? Bomba halijafika kila nyumba, na wengi wetu bustani bado tunamwagilia kwa kisima.

Wengine wanaogopa: tukiandika, tutatozwa. Nakuelewa. Ni kweli Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ina taratibu za vibali vya kutumia maji. Lakini daftari hili ni lako kwanza. Na siku kikao kitakapogawana zamu za kuchota, au jirani atakapotaka kufunga pampu kubwa karibu na kisima chenu, mwenye namba za miaka miwili atasikilizwa kuliko mwenye kelele.

Mto wetu Igombe hupeleka maji Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika haiwezi kuweka mtu kwenye kila kisima cha bonde zima. Nakala ya daftari lako, ikipitia kwa mwenyekiti na kwangu, inaweza kuwafikisha mahali wasipofika.

Kile kikundi sasa kina kamba na daftari, na mimi sishauri idadi ya matuta kabla ya kulifungua. Jumapili hii anza na kisima chako. Ukikwama, njoo ofisini na daftari lako tulisome pamoja.